Chungu cha Mboga Kilichochelewa

Mfuko wa usipa unaning'inia jikoni kwangu tangu niliporudi kutoka ziwani kumzika dada yangu, na mpaka leo sijaupika. Mjukuu wake mmoja aliufunga kwa kamba, akaniwekea kwenye begi, akasema, "Babu, ukifika uuanike tena kidogo, huko kwenu kuna unyevu." Niliuanika, nikaurudisha kwenye mfuko. Kila asubuhi nikiingia kuwasha moto harufu yake inanipokea mlangoni, harufu ya samaki wadogo waliokaushwa juani kwenye mchanga wa moto, na kila mara ninakuwa tena mtoto wa darasa la tano, nimekaa na njaa mbele ya ugali unaopoa, namsubiri dada yangu alete mboga.

Sisi wa rika hili tumezoea kuwaambia wajukuu kwamba tulisoma kwa shida na tulisoma kwa bidii. Shida naikubali. Hiyo bidii, kila ninapoichunguza ile ya kwangu, naikuta ilikuwa ya mtu mwingine.

Dada aliitwa Eufrasia, na nyumbani tulimwita Frasia. Kwetu ni milimani, upande wa Kitura, ambako ukungu hukaa bondeni mpaka mtu ameshamaliza nusu ya kazi yake ya siku. Mlima wetu wote ulikuwa na mashimo kama sega la nyuki. Hizo ndizo ngolo, kilimo tulichokikuta kwa babu zetu. Baba alifyeka majani marefu, akayapanga chini kwa miraba, na kazi ya mwanamume ikaishia hapo. Kuchimba udongo wa katikati ya mraba na kuyafunika yale majani, mpaka libaki shimo lililozungukwa na matuta, ilikuwa kazi ya wanawake. Mwanamume aliyeonekana ndani ya ngolo na jembe mkononi watu walimpita wakikohoa kohoa, na jioni habari zake zilikuwa zimefika kilabuni kabla yake.

Basi mama alipojifungua mdogo wetu wa mwisho mgongo wake ulikataa kuinama tena. Majani ya baba yalilala mlimani yamepangwa vizuri, yakisubiri mchimbaji. Frasia alikuwa amefaulu mtihani wa darasa la nne, na jina lake lilikuwa limesomwa mbele ya kanisa. Hakuna aliyemwambia aache shule. Siku ya kufungua shule baba alimwonyesha tu mlima, naye akachukua jembe. Nilikuwa mdogo, na nilifurahi, kwa sababu nilidhani amepewa ruhusa ya kubaki nyumbani.

Madarasa yale manne ya mwanzo alinisomesha yeye. Nikitoka shule nilimfuata ngoloni, naye akiwa amepumzika aliandika kwa mpini wa jembe juu ya tuta la udongo mbichi, mimi nasoma. Nikikosea alinipiga kikofi cha udongo mgongoni. Nikipatia alichukua maharage kutoka kwenye kitambaa alichojifunga kiunoni, akayapanda juu ya maneno yale yale, akayafukia. Nilipoona maharage yamechipua niliamini kwamba ni maneno yangu yameota, na kwamba mstari uliochipua vibaya ndio ule niliousoma kwa kubabaisha. Hakuniambia kwamba sivyo. Alisema, "Ndiyo maana nakwambia usome vizuri, tutakufa njaa."

Nilipoingia darasa la tano mambo yaligeuka. Shule ya madarasa ya juu ilikuwa mbali, ng'ambo ya mito miwili, na mwalimu wa kule alikuwa na fimbo ya mti wa mbuni isiyokatika. Frasia naye hakuwa na la kunisaidia tena, maana nilikuwa nimefika pale yeye alipoishia. Nikaanza kuchoka. Nilitoka nyumbani asubuhi na kaptula yangu ya shule, nikaingia kwenye mashamba ya kahawa, nikajilaza chini ya mibuni mpaka niliposikia wenzangu wanarudi. Huko chini kuna ubaridi mtamu na harufu ya majani yaliyooza. Ninaikumbuka kama mtu anavyokumbuka kitanda.

Babu ndiye aliyenikuta. Alikuwa anapita kukagua kahawa yake, akaona miguu. Hakunipiga. Aliketi pembeni yangu, akavuta tumbaku yake mpaka ikaisha, akauliza kama chini ya mibuni kuna mwalimu. Nikasema hakuna. Akasema, "Basi twende."

Jioni ile alilisema jambo langu kwenye sengu. Kwa asiyejua, sengu ilikuwa mahali wanaume wote wa ukoo walipokula pamoja, nyumbani kwa mzee wao, wakubwa na wavulana, na kila nyumba ilipeleka chungu chake. Nyumba yenye kingi ilipeleka kingi, nyumba yenye kidogo ilipeleka kidogo, na vikishafika hakuna aliyeuliza kipi kimetoka wapi. Hapo ndipo mashauri ya ukoo yalipokatwa na watoto wa kiume walipofundwa. Wanawake na wasichana walikula jikoni, nyuma ya ukuta wa fito uliokandikwa udongo.

Babu alisema kwamba kila nyumba inaleta chungu, lakini yupo kijana mmoja anatumwa shuleni kila siku na anarudi mikono mitupu. Kuanzia kesho, alisema, huyu ataleta neno moja kutoka shuleni, na mpaka alitue mbele yetu hakuna atakayenawa mikono. Wazee wakaitikia kwa vicheko. Mimi nililala nimekasirika. Nilijua ni adhabu, na nilijua aliyeitunga ni mtu anayependa kunidhalilisha mbele ya watu.

Ugumu wa adhabu ile ulikuwa kwamba mwalimu alifundisha kwa Kiswahili, na sengu ilikula kwa Kimatengo. Kiswahili cha mwalimu ungeweza kukimeza kizima na kukitema kizima bila kujua umekula nini. Lakini ukitaka kumweleza mzee kwa lugha ya mama yake jinsi damu inavyozunguka mwilini, na mzee huyo amechinja mbuzi wengi kuliko walimu wote wa wilaya, ni lazima uwe umeelewa. Niliulizwa maswali ambayo mwalimu mwenyewe angeyakimbia. Siku ya kwanza nilitoa neno la kubabaisha, ugali ukapoa kabisa. Siku ya pili nilisikiliza darasani kama mtu aliyetumwa dawa.

Babu alikuwa na tabia moja iliyoniudhi zaidi. Nikishamaliza alisema, "Rudia. Sauti ipande, masikio yangu yamezeeka." Nikarudia kwa sauti kubwa. Huyu ni mzee aliyeweza kumsikia pimbi akikanyaga jani kavu ng'ambo ya kijito. Mimi niliamini kwamba uzee unachagua, unaziba sauti za watoto na kuacha za pimbi.

Mboga ya nyumbani kwetu ililetwa na Frasia. Alikuja na chungu mikononi, mara majani ya maboga, mara maharage, akapiga goti, akakiweka, akatoka. Hivyo ndivyo ilivyotakiwa. Lakini tangu nianze kuleta maneno, dada yangu alianza kuwa mzito. Vyungu vya nyumba nyingine vilifika, ugali ukafika, mimi nikaanza kusema, na mboga yetu bado. Nikitupa jicho nilimwona amesimama nje kidogo ya mlango na chungu chake, mvuke unampanda usoni, hajaingia. Aliingia nilipomaliza. Mara nyingine babu aliposema rudia, Frasia, ambaye alikuwa ameshainama kukiweka chungu, alikigeuza geuza chini kana kwamba hakikai sawa, mpaka nimalize kurudia. Nilimwonea aibu. Wenzangu walikuwa na dada wepesi, wa kwangu alikuwa wa kuburuta miguu, na njaa ilikuwa inaniuma mimi.

Siku ya mvua ndiyo ninayotaka kuisema, na nimezunguka kote huku kwa sababu siipendi.

Mwalimu alikuwa ametufundisha mvua inakotoka. Nilirudi nyumbani nimelibeba neno lile kama yai. Wakati ugali unatuliwa nikaanza, nikasema mvua yetu inatoka ziwani. Wazee wakatazamana. Wengi wao walikuwa wameshuka mpaka ziwani kubadilisha mahindi kwa samaki, na waliliacha likiwa chini kabisa, mwendo wa kuteremka kutwa nzima. Baba mkubwa Oswini, kaka yake baba, mtu mwenye mdomo, akasema, "Kwa hiyo siku Wanyasa wakitukasirikia watalifunika ziwa lao, sisi tukauke." Watu wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na tumbaku. Nikasubiri watulie. Nikaeleza kwamba jua linalipasha ziwa kama chungu jikoni, na maji yanapanda kama mvuke, hayaonekani, lakini yanapanda. Babu akainua kidole wanyamaze vizuri.

Pale mlangoni Frasia alikuwa amesogea. Alikuwa ameingia nusu, mguu mmoja ndani, chungu kimelala mikononi mwake hata mchuzi ulikuwa unamwagika ukingoni naye hajui. Mdomo wake ulikuwa wazi kidogo. Niliuona ule mvuke wa mboga unapanda, niliuona ugali umeanza kushika ngozi, na tumbo likanishinda. Nikaacha ziwa nilipoliacha. Nikasema, "Babu, Frasia huwa anasimama hapo kila siku. Anachelewesha mboga makusudi, anasikiliza."

Wanaume wote wakageuka. Jambo ambalo pengine wengi walikuwa wanalijua, na kila mmoja alikuwa anajifanya halijui, mimi nililitamka, na likishatamkwa kwenye sengu lilikuwa halina budi kukatwa. Baba mkubwa Oswini akauliza tangu lini mwanamke anasimama kusikiliza ya sengu. Baba akatazama chini. Frasia akapiga goti, akakiweka chungu, safari hii kikakaa sawa mara moja, akatoka bila kuinua uso. Babu akavuta bakuli la maji, akanawa. Neno langu lilikuwa halijaisha, na ile ndiyo ilikuwa mara ya kwanza tukala kabla halijaisha. Nilikula sana. Mboga ilikuwa bado ya moto.

Kuanzia kesho yake chungu chetu kililetwa na Kolumba, binti mdogo wa baba mkubwa, aliyekuja mbio, akakitupa chini, akakimbia. Hakuna kilichopoa tena. Babu ndiye aliyezidisha uziwi. Akanitaka nirudie mara nyingine na nyingine, na sauti ipande, ipande zaidi, mpaka baba mkubwa akamuuliza kama anataka Wanyasa nao wasikie. Nilikuwa mtu mzima, babu ameshakufa zamani, siku niliposimama katika ile nyumba ikibomolewa na nikaona jinsi ukuta wa jikoni ulivyokuwa karibu na kigoda chake.

Siku chache baada ya ile jioni nilitumwa kumpelekea Frasia maji ya kunywa ngoloni. Alikuwa ndani ya shimo, miguu imepakaa udongo mpaka magotini. Akanywa, akajifuta mdomo, akaniuliza, kama mtu anayeuliza habari za njiani, "Yale maji yakishapanda, yanashukaje?"

Nikamwambia, "Hayo ni ya darasa la tano. Huwezi kuelewa."

Jembe lilisimama kidogo tu. Akatabasamu, akasema, "Haya, bwana mwalimu," akaendelea kuchimba. Niliona tabasamu, nikajua ananitania. Hata leo nikifumba macho naliona lile tabasamu, na sasa najua kutabasamu kule ni kazi ngumu kuliko ngolo.

Lakini hakukoma. Alianza kunichotea maji ambayo ilikuwa zamu yangu kuchota. Msimu wa kahawa ulipofika alichuma kahawa kwenye kikapu chake, akajaza na changu, na mimi nikiwa nimekaa chini ya mbuni, safari hii na daftari, nilimlipa kwa masomo. Nikampa mifupa ya mwili, nikampa mito na milima, nikampa sehemu za hesabu zenye juu na chini. Alikuwa mwanafunzi wa kuchosha. Nikimwambia mlima fulani ni mrefu kuliko yote aliuliza nani aliupima na alisimama wapi. Nikishindwa ilinibidi kesho yake nimuulize mwalimu, na mwalimu akaanza kuniona mtoto mwenye akili. Nikawa wa kwanza darasani. Nilijivuna, nikaamini kichwa changu ndicho kizuri.

Mvua tu ndiyo sikumpa. Nilijua ndiyo anayoitaka kuliko zote, kwa hiyo niliiweka, kama mtoto anavyouweka muwa mnono chini ya kitanda ili wenzake wajue kwamba upo. Kila aliponiuliza nilimwambia kesho.

Kisha Frasia akaposwa na kijana wa Kihagara, kijiji cha ziwani, mtu mpole aliyekuwa akipanda milima yetu na magunia ya usipa kubadilisha kwa mahindi na maharage. Nataka nimtendee haki shemeji yangu, alikuwa mume mwema mpaka kufa kwake. Lakini mimi nilikuwa nimemwona mara nyingi gulioni. Alikuwa akiweka debe la usipa upande huu, anachukua debe la maharage upande ule. Siku walipokuja na wazee wake niliona magunia ya usipa yanashushwa mlangoni kwetu, mengi, nyumba nzima ikanuka ziwa, na keshoye nikaona sanduku la Frasia linafungwa. Nikajua tumebadilishana. Nilikataa kula usipa ule. Mama aliupika kwa nyanya, akaupika kwa karanga, nikala ugali mkavu huku machozi yananitoka, na hakuna aliyejua ni kwa nini, wakasema nina minyoo.

Asubuhi ya kuondoka Frasia alinivuta nyuma ya nyumba. Alikuwa amevaa khanga mpya zinazonuka duka. Akasema, "Mvua umeniwekea, sivyo?"

Nikasema nitakuja kumwambia.

"Usikawie, mdogo wangu. Ziwa lenyewe nitakuwa naliona kila siku, itabaki kunieleza tu." Akanipiga kikofi mgongoni, kile kile cha ngoloni, ila mkono ulikuwa safi.

Tangu alipoondoka maneno yalianza kunianguka. Niliketi darasani kama kawaida, nikasikiliza kama kawaida, na jioni nikifungua mdomo mbele ya sengu nilikuta mfuko umetoboka. Nilisoma kwa koroboi mpaka masizi yakajaa puani, ukurasa ukawa ukurasa tu, hauna mtu wa kuupelekea. Ili watu wapate kula nikarudisha maneno ya zamani. Nikawarudishia damu, nikawarudishia mifupa. Babu alisikiliza mpaka mwisho, akasema taratibu, "Hilo tumeshalila," kisha akanawa, kwa sababu alinihurumia. Hakuniambia tena nirudie. Nilidhani masikio yake yamepona.

Mtihani wa darasa la saba niliushinda kwa akiba. Nilipotazama maswali niliona yale niliyoyajibu vizuri karibu yote yalikuwa yamepita kwanza chini ya mbuni, kati ya kikapu na kikapu. Nikapelekwa sekondari ya bweni, mbali na nyumbani.

Likizo yangu ya kwanza nilishuka Kihagara kumsalimu. Nilivaa soksi nyeupe. Frasia alikuwa na mtoto mgongoni na magamba ya samaki mikononi, na aliponiona alicheka kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo nyumbani. Alitazama kitabu changu, akafuta mikono kwenye khanga, akakifungua, akakifunga. Nikamwambia ni Kiingereza hicho. Alfajiri kabla sijaondoka tulisimama ufukweni karibu na chanja la kuanikia usipa. Ziwa lilikuwa limetulia, na juu yake kulikuwa na kitu kama moshi mwembamba unaoinuka, na kwa mbali huko juu milima yetu ilikuwa imefunikwa na mawingu. Akanyoosha kidole kwenye ule moshi. "Yanapanda," akasema. Kisha akanigeukia, akanitazama, akangoja.

Na mimi nilikuwa nimesahau. Hiyo ndiyo kweli yake. Nusu ya pili ya mvua, ile niliyomnyima muda wote ule, ilikuwa imeshanitoka kwa sababu sikuwahi kumwambia mtu. Nilikumbuka baridi, nilikumbuka milima, sikukumbuka vinavyoungana. Mwanafunzi wa sekondari, soksi nyeupe, nitasemaje sijui? Nikamwambia, "Ni mambo marefu, dada," nikasema gari litaniacha. Hakuniuliza tena mvua, wala kitu kingine chochote cha shuleni, siku zote zilizobaki za maisha yake.

Sekondari niliimaliza, kwa maana ya kwamba siku zake ziliisha na mimi bado nipo. Hakuna aliyenisubiri jioni na chungu mkononi. Wenzangu wengine walikuwa na moto wao wenyewe ndani, nimewaona, walisoma hata bila mtu kuwauliza, nami nawaheshimu. Mimi sikuwa nao, na yule niliyekuwa naota moto wake nilikuwa nimemfukuza mlangoni. Matokeo yangu hayakufungua mlango wowote. Nikarudi kijijini, nikapima kahawa za watu kwenye mzani wa chama cha ushirika, nikapalilia mibuni yangu, nikazeeka. Nimekwenda ziwani mara nyingi, kwa ubatizo na kwa misiba, siku hizi lami imefika na ni safari fupi. Tulizungumza afya, mvua ya mwaka na bei ya mahindi.

Safari hii nilikwenda kumzika. Jioni ya siku tuliyoondoa matanga wageni wengi walikuwa wamekwenda, na wajukuu zake wakanikaribisha mkekani uani, mbele ya ziwa. Ukaletwa ugali wa muhogo na bakuli la usipa. Wasichana na wavulana walikaa duara moja. Nikanawa, maana nilidhani wananisubiri mimi mkubwa. Hakuna aliyenifuata. Nikawatazama. Agatha, mkubwa wao, yule aliyekuja kunifungia mfuko, msichana wa darasa la sita, akasema kwa adabu, "Babu, bado neno."

Nikauliza neno gani. Akanieleza kwamba kwa bibi hakuna anayekula kabla hajatoa neno la siku hiyo, na ambaye hasomi atatoa alilolisikia sokoni au kanisani, na mama zao walilelewa hivyo hivyo. Wakaanza. Mdogo kabisa alitaja herufi na akapigiwa makofi. Mvulana mmoja akasema popo si ndege, wenzake wakamuuliza nani kasema. Agatha akaeleza jinsi wanavyogawanya sehemu za hesabu, zile zenye juu na chini. Kisha wote wakanigeukia mimi.

Nilitazama ziwa. Nusu ile ya pili nilikuwa nimeipata tena nikiwa mzee, kwenye kitabu cha mjukuu wangu, na nilikuwa nimeishika miaka kadhaa bila kushuka nayo. Nikawapa mvua. Nikawapa nzima, jua na ziwa, mvuke unavyopanda, upepo unavyousukuma mpaka kwenye milima yetu ya Mbinga, unavyokutana na baridi ya kule juu na kuwa matone mazito, na mito inavyoyarudisha maji ziwani. Walinisikiliza vizuri sana, kama watoto waliofunzwa. Nilipomaliza, Agatha akatazama wenzake, akasema kwa upole, "Hilo tumeshalila, babu. Bibi alituambia zamani."

Nikamuuliza bibi alilipata wapi.

"Alisema ulimfundisha wewe."

Ugali ulikuwa unapoa, niliiona ngozi inajifunga juu yake. Kwa nani aliipata sijui, pengine kwa watoto wake walipofika darasa la tano, na alipoipata akaiandika kwa jina langu.

"Leta lingine," akasema yule wa popo.

Lingine sikuwa nalo. Ndipo nikawaambia habari za chungu cha mboga. Niliwaambia bibi yao alivyosimama mlangoni na mguu mmoja ndani, na mchuzi ulivyomwagika, na nilichokisema mbele ya wanaume. Sikupunguza. Nilipofika mwisho hakuna aliyecheka wala aliyeuliza nani kasema. Agatha peke yake ndiye aliyetaka kujua.

"Kwa nini ulimsema?"

Nimekuwa na miaka mingi ya kulitafutia swali hilo jibu kubwa, na pale mkekani nilikuta halipo.

"Nilikuwa na njaa," nikamwambia.

Akalitazama bakuli la usipa, akalisogeza mbele yangu.

"Basi kula, babu."